Kikoba chetu cha Tandika baada ya miaka mitatu: sanduku, kufuli tatu na utu

Shoga angu mmoja tunafanya nae kazi kaniuliza juzi, eti hicho kikoba chenu kinalipa? Nkamwambia kinalipa, ila hilo sio swali la kwanza la kuuliza, akashangaa, nkamuahidi ntaandika vizuri maana kwa simu siwezi kumaliza. Basi haya ndo maelezo yangu yote, mazuri na mabaya, ya kikundi nilichokaa miaka mitatu, mizunguko mitatu kamili. Jina la kikundi sitalitaja kwasababu kuna mambo humu yanawahusu watu wanaonisalimia kila asubuhi.

Tupo Tandika, Dar es Salaam, uani kwa mwalimu mmoja mstaafu, kuna mwembe mkubwa, kila Jumamosi saa 10 jioni. Tuko 27, wanawake 21 wanaume 6. Kuna dada muuza vitumbua, fundi cherehani, vijana wawili wa bodaboda, nesi, hajjat mwenye nyumba zake tatu za kupangisha, mimi niko duka la dawa, na bibi mmoja anauza mkaa wa kupima. Hisa moja ni 5,000 na unaruhusiwa hisa 1 mpaka 5 kwa wiki, basi, yaani hajjat hata akija na milioni kwenye pochi mwisho wake hisa 5 kama mtu mwingine yoyote. Pembeni kuna elfu 1 ya mfuko wa jamii kila wiki, hiyo ni sawa kwa wote, muuza mkaa elfu 1 na mwenye nyumba tatu elfu 1, na hiyo hairudi wala haizai, ni ya shida.

Kwa asiyejua, kikoba sio upatu. Upatu mnachanga, kijumbe anampa mmoja, zamu inaenda inazunguka, na ukishapokea wa kwanza unaweza ukaanza kuzima simu. Kikoba hela inakaa ndani, inakopeshwa kwa wenyewe kwa wenyewe, faida inabaki humo humo, mwisho wa mwaka mnavunja kila mtu anachukua kulingana na hisa zake. Dada aliyekuja kutufundisha wiki za mwanzo alituambia mtindo huu wa sanduku ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE na akina mama wa vijijini kule, kwa Kihausa wakauita Mata Masu Dubara, halafu ukatembea Afrika nzima, na miaka ya mwanzoni ya 2000 ukafika Zanzibar kwenye vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani. Bibi muuza mkaa akauliza, kwahiyo hii kitu wameianzisha wanawake wasiojua kusoma kama mimi? Akajibiwa ndio, wengi wao hawakujua kusoma. Bibi akakaa vizuri kwenye kiti chake. Nakumbuka kabisa alivyokaa, kama mtu aliyeambiwa nyumba ni yake.

Ntaeleza kikao kilivyo maana hapo ndo kuna jambo lenyewe. Mnakaa kwa namba, nusu duara, sio kwa urafiki wala kwa heshima ya mtu. Mi namba 14, kushoto kwangu 13 ni kijana wa bodaboda, kulia 15 ni hajjat. Mahudhurio yanaitwa kwa namba. Hamna mheshimiwa, hamna mwalimu, hamna mama fulani, "namba 7!" bibi anaitika "nipo!" Mwanzoni hajjat hakupenda, alisema umri wake sio wa kuitwa kama mfungwa, na kwakweli hata mimi nilimuonea aibu kidogo kwasababu ni mtu mzima na huku kwetu mtu mzima anaamkiwa kwanza ndo mambo mengine yafuate. Tukakubaliana hivi, shikamoo zote ziishe kabla ya kikao, kila mtu amuamkie anayestahili kuamkiwa, likishafunguliwa sanduku ni namba tu. Mpaka leo inafanya kazi vizuri.

Sanduku ni la chuma, tumelipaka bluu, kona moja imebonyea tangu lilipoanguka kwenye bajaji. Lina kufuli tatu. Funguo wanashika watu watatu tofauti wasiokaa nyumba moja wala sio ndugu, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne ambae hana ufunguo hata mmoja. Wenye funguo wanaitwa mmoja mmoja, unasikia kufuli la kwanza kah, la pili, la tatu huwa linakataa mpaka litikiswe. Yanatoka mabakuli mawili ya plastiki, la kijani la hisa na jekundu la jamii. Wahesabuji wawili wanahesabu kwa sauti, noti moja moja, wote mnasikia. Na kabla ya kuhesabu mwenyekiti anauliza, wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi? Haangalii daftari. Anauliza watu. Mnajibu kwa pamoja kutoka kichwani, ndo daftari linafunguliwa kuona kama linasema hivo hivo.

Hapo kwa bibi ndo nilipoelewa hii kitu ilivyotengenezwa. Kideftari chako hakiandikwi tarakimu za hisa, kinagongwa mhuri, wetu una alama ya nyota, hisa moja nyota moja. Bibi hajui kusoma lakini anahesabu nyota zake kwa kidole kila wiki, anahesabu polepole na kikao kizima kinamsubiri amalize, na hamna mtu anaefyonza. Mwaka wa pili katibu alimgongea nyota 2 badala ya 3, bibi akasema hapana, leo nimetoa 15,000 nataka nyota yangu. Wahesabuji wakarudia bakuli, kweli. Katibu akaomba radhi mbele ya watu wote, akalipa na faini 500 ya kukosea, na bibi akamwambia yameisha mwanangu. Nifikirieni, mtu ambae kila ofisi anayoenda anaambiwa weka dole gumba hapa bila kusomewa kilichoandikwa, hapa anamkagua katibu aliyemaliza chuo. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na ni kweli, lakini kuna watu daftari lenyewe ndo lilikuwa linawaibia miaka yote.

Videftari navyo haviendi nyumbani, vinafungiwa sandukuni. Nilidhani ni kwa ajili ya watu kuchezea mahesabu, na ni kweli, ila kuna dada mmoja mume wake alikuwa anamwambia leta hicho kitabu nione una shilingi ngapi, na yeye anajibu kwa ukweli kabisa, kitabu kiko kwenye sanduku, funguo sina. Alisomesha mtoto form one kwa jibu hilo.

Kuhusu dini, maana najua mtaniuliza. Tumechanganyika, Waislamu wengi, Wakristo tisa. Wiki za kwanza kikao kilifunguliwa kwa fatha, wengine wakalalamika pembeni, wiki zikafuata zikawa sala ya Baba Yetu, wengine nao wakalalamika pembeni, ikawa kila Jumamosi watu wanaangalia zamu ni ya nani kuliko wanavyoangalia hela. Nesi ndo akatoa wazo tusimame kimya dakika moja kila mtu na lake. Tukapiga kura, ikapita. Sasa ile dakika ya kimya chini ya mwembe, unasikia kuku wa jirani na kengele ya muuza koni, kwangu mimi ndo sehemu nzuri kuliko zote. Mtu akiwa na mgonjwa unamuona usoni. Tukishakaa tu mwenyekiti anauliza, nani ana shida? Kabla ya hisa, kabla ya marejesho, kabla ya hela yoyote. Hilo swali limo kwenye katiba yetu, kipengele cha 4, sio mpaka mwenyekiti ajisikie kuuliza.

Sasa hapa ndo nnapotaka shoga angu anielewe. Mi nimelelewa na mama ambae kila siku aliimba mtu ni watu, tenda wema nenda zako. Nayaamini. Lakini nimekaa Dar muda wa kutosha kuona wema wetu wa mtaani unavyofanya kazi, akifiwa mtu anaependwa daftari la mchango linajaa mpaka jalada la nyuma, akifiwa mpangaji mgeni, mkimya, au yule dada mnaemsema vibaya, daftari linapita nyumba sita linarudi na elfu nane. Sio kwamba watu wabaya. Huruma inaenda inapopajua. Kwenye kikoba namba 22 hata kama humpendi, hata kama mlinuniana wiki nzima kwa mambo ya maji, akilazwa zaidi ya siku mbili ni 50,000, akijifungua 50,000, akiunguliwa au mafuriko 100,000, akifiwa na mzazi, mwenza au mtoto ni 200,000, na lazima watu watano waende kukaa nae, zamu imepangwa kwa namba. Hamna kumuomba mtu. Hamna kusubiri aonewe huruma. Nilikuwa nadhani utu ukiandikiwa kanuni unakuwa baridi, nimekuja kuona kinyume, maana kanuni ndo ilinipeleka kukaa usiku kucha kwenye msiba wa mtu ambae nisingeenda kwa hiari yangu, na asubuhi yake tulikuwa tunapeta mchele pamoja, na mpaka leo ndo mtu nnaemwachia mwanangu nikiwa na shifti ya usiku.

Msiba wa mume wa namba 22 lazima niusimulie. Alifariki Jumatano jioni, ghafla, na walitakiwa kusafirisha kwenda Mbeya kesho yake asubuhi. Sanduku halifunguliwi nje ya kikao. Na yeye alikuwa anadaiwa wiki tatu za mfuko wa jamii, na katiba yetu ilikuwa inasema mwenye deni la jamii hasaidiwi mpaka alipe. Tukapigiana simu, saa 4 usiku tulikuwa 19 chini ya mwembe, umeme ulikuwa umekatika tunamulikana kwa tochi za simu. Mmoja wa wenye funguo alikuwa Mbagala Rangi Tatu, kijana namba 13 akamfuata na bodaboda yake. Wakati tunasubiri tukaanza kubishana na tulibishana kweli. Kuna waliosema tukimpa huyu kesho kila mtu ataacha kuchangia atasubiri afiwe, na hilo sio neno la kijinga, mfuko ukifa wanaumia wote. Wengine wakasema mtu hawezi kulipa deni akiwa anaosha maiti. Bibi akanyanyua mkono, akapewa nafasi, akasema maiti haisubiri kikao, kateni deni lake mumpe chake. Kumbe jibu lilikuwa dogo hivo! Kura 17 kwa 2. Tukatoa 200,000, tukakata 3,000, akapelekewa 197,000, na wale wawili waliopinga ndo waliobeba bahasha, mwenyekiti aliwachagua makusudi na walikubali bila kinyongo. Jumamosi iliyofuata tukabadilisha kipengele kile, deni linakatwa, msaada haunyimwi.

Kwa wanaotaka mahesabu, haya. Mzunguko uliopita niliweka hisa 142, yaani 710,000. Tulipovunja hisa moja ilikuwa imefika 5,900, nikabeba 837,800. Mkopo unapewa mpaka mara tatu ya akiba yako, unarudisha ndani ya miezi mitatu na riba asilimia 10 kwa mkopo wote, ukichukua 300,000 unarudisha 330,000, na ile 30,000 mwisho wa mwaka inarudi mifukoni mwenu wenyewe na wewe ukiwemo. Linganisha na kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Dada muuza vitumbua kabla hajaja kwetu alikuwa kwenye hizo, alichukua 200,000 kwa watu fulani akawa anarudisha 10,000 kila siku kwa siku 26, jumlisha mwenyewe, 260,000 ndani ya mwezi mmoja, wakati kiwango cha juu cha riba walichowekewa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana, na Benki Kuu ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Alikuwa anaamka saa 9 usiku kukaanga, sio kwa ajili ya watoto, kwa ajili ya yule kijana wa rejesho aliyekuwa anafika saa 4 asubuhi na kukaa kwenye ndoo mlangoni. Kwenye hiyo 10,000 yake ya kila siku ndo sasa anatoa hela ya hisa.

Usajili tunao. Tangu ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi kama vyetu viko daraja la nne, mnatakiwa muwe kuanzia watu 10 mpaka 50, muwe na katiba, na mnasajiliwa kupitia halmashauri. Msiogope, afisa maendeleo wa kata anawaelekeza. Kikundi kikisajiliwa pia mnaweza kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, sisi hatujaomba bado kwahiyo sina la kuwaambia hapo.

Sasa mabaya, na nayasema kwa uchungu.

Ulinzi wa hela ni mdogo. Miezi ya mwisho kabla ya kuvunja sanduku linakuwa na mamilioni na liko chini ya kitanda cha mtu, na huyo mtu hapati usingizi, ana watoto wadogo ndani. Vijana wanataka tuhamie M-Koba ya Vodacom, hela inakaa kwenye simu na ikiguswa kila mwanachama anapata meseji. Mi nakubaliana nao nusu. Bibi anasema hela ambayo haijalia kwenye bakuli yeye haijui, na nikikumbuka zile nyota zake siwezi kumwambia amepitwa na wakati, ndo yeye huyo huyo tuliyemtengenezea mfumo. Pendekezo langu ambalo nimeshalisema mara mbili ni kwamba ikizidi milioni 3 iende benki na risiti isomwe kwa sauti kikaoni. Bado halijapita.

Faini nazo zimezidi. Kuchelewa 500, simu kulia 500, kuongea bila ruhusa 500, kutokuja bila taarifa 1,000. Kwa nesi 500 sio kitu, kwa muuza mkaa ni unga wa jioni. Kuna wiki bibi alichelewa kwasababu ya mvua, bonde lile la kwetu likijaa hamna pa kupita, akatozwa kama aliyechelewa kwa kusuka nywele. Hapo usawa wa namba unaumiza na hatujapata dawa yake.

Na viongozi. Mwenyekiti wetu wa kwanza alikuwa mama mzuri, mchapakazi, ila mwaka wa pili akaanza kujipa mkopo kabla ya foleni, mara moja, mara mbili, watu wananong'ona kwenye mabomba hamna anaesema kikaoni. Mwalimu namba 3 akasimama siku hiyo, hakumtaja mtu, akasema nilipokuwa kijana tuliapa ahadi za TANU, ya kwanza binadamu wote ni ndugu zangu, na humo humo kuna nyingine, cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. Akakaa. Kimya kikatanda mpaka mwenyekiti mwenyewe akasema nimesikia baba. Hakufukuzwa, alimaliza muda wake, akarudisha foleni, na tukaweka kwamba uongozi ni mwaka mmoja na huwezi kurudia mfululizo. Sasa hivi yeye ni mhesabuji, na ni mhesabuji makini sana.

Lakini kubwa kuliko yote ni namba 19.

Namba 19 alikuwa anauza nguo za mtumba, alikopa 450,000 mwaka wa kwanza, mzigo ukaja mbovu, robo tatu haiuziki, akabaki na deni la 240,000, akaanza kukwepa vikao. Katiba yetu ya kwanza tuliinakili kwa kikundi kingine bila kuisoma vizuri, ilikuwa inasema akipita wiki nne wanachama waende kuchukua vitu vya thamani. Tukaenda. Tulikuwa tisa na mimi nilikuwemo, nilikuwa nimeshika upande mmoja wa friji. Wanae wawili walikuwa wamekaa kwenye kochi na yunifomu, mdogo akamuuliza mama yake maji yetu ya baridi yanaenda wapi. Friji liliuzwa 180,000. Alikuja Jumamosi moja akamalizia iliyobaki, 60,000, noti za elfu mbili mbili, zikahesabiwa kwa sauti kama kawaida, halafu akaaga na hakurudi tena. Watu waliita hiyo ni nidhamu, hela ya watu lazima irudi, na kweli hela ilirudi yote. Lakini kausha damu nao wanabeba friji, tena nao wana karatasi iliyosainiwa. Mi siku ile nilirudi nyumbani nikashindwa kufungua friji langu mbele ya mwanangu.

Ilituchukua mwaka mzima kulizungumza. Nililianzisha mimi kikaoni, sauti ikanikatika nikakaa, nesi akaendelea. Sasa imebadilika, hatuendi tena nyumbani kwa mtu kubeba kitu, akikwama wadhamini wake wawili wanakaa nae wanaangalia biashara inaingiza nini, rejesho linapangwa upya hata kama ni 5,000 kwa wiki, kinachokatwa kwanza ni hisa zake mwenyewe, na mkopo wa kwanza wa mwanachama mpya haupiti mara mbili ya akiba badala ya tatu. Tangu tubadilishe wamekwama watu wanne, wote walimaliza, mmoja ilimchukua miezi saba. Hatujapoteza hata mia.

Kwahiyo shoga angu, nyota 4 kati ya 5, ile moja nimeitoa nilikokwambia. Kama unataka kujiunga, tunafungua mzunguko mpya wiki ya pili ya Januari, uje na mtu mmoja anayekujua ndani ya kikundi, 5,000 ya hisa, elfu 1 ya jamii, na ukae vikao viwili unaangalia tu kabla hujasaini, na katiba uisome neno kwa neno, au usomewe, ukiona kipengele kinachokutia hofu kiulizie hapo hapo mbele ya watu, usisubiri mpaka ujikute umeshika friji la mtu. Kama uko mbali na Tandika tafuta cha kwenu, lakini kabla hujauliza hisa bei gani uliza akifiwa mwenye deni mnafanyaje, jibu watakalokupa litakwambia ni kikundi cha aina gani.

Utaona pia kiti kimoja hakina mtu, kati ya 18 na 20. Tuko 27 lakini namba zinaenda mpaka 28 maana ile 19 hatujampa mwingine, na kikao kilichopita katibu alipofika hapo kwenye mahudhurio, kwa mazoea au kwa makusudi sijui, akaiita, tukakaa kimya wote. Mimi na bibi tumeshaenda kwake mara mbili, mara ya kwanza hakutufungulia, mara ya pili alitupa viti nje tukanywa chai, mtoto wake sasa yuko darasa la tano. Hajasema ndio. Amesema kwanza anataka kusikia kikundi kikimuomba radhi kwa mdomo, watu wote wakiwepo, sio sisi wawili tu. Ni haki yake. Ajenda hiyo ni ya kwanza Jumamosi hii, kabla ya hisa, na kwenye fomu yake ya kurudi nafasi ya mdhamini nimeshaandika 14, na chini yake bibi kagonga dole gumba, baada ya mimi kumsomea yote.